Nyonga za Kemilembe

Mara ya kwanza Kemilembe alitembea mbele ya Kioo kwa madaha, kama watoto wengi wa Kitulo wanapojua wanatazamwa. Daktari Bupe Mwakalinga akamwambia arudie.

"Usinitembelee mimi," alisema. "Tembea kama mtu anayewahi shule na kengele imeshalia."

Msichana akacheka, akarudi mlangoni, akaanza upya. Safari hii ulikuwa mwendo wake wa kweli: hatua ndefu za kuelea, kiwiliwili kimeinama mbele kidogo, mguu wa nyuma ukichelewa kuondoka sakafuni. Ndivyo wanavyokwenda waliozaliwa Mwezini, ambako mwili una sehemu moja tu ya sita ya uzito wake wa Dunia. Wazazi wao waliotoka Duniani hawaupati mwendo ule hata wakae miaka mingapi. Wao hurukaruka kama kuku aliyefungwa mguu.

Kioo kilikuwa ukuta mzima wa chumba, na sura ya mtu hakikuionyesha. Kilionyesha mifupa yake tu, ikitembea sambamba naye, na ukikiamuru kiliizeesha ile mifupa mwaka baada ya mwaka, ukaona ingekuwaje mahali fulani, kwa uzito fulani, kwa mgongo wa umbo fulani.

"Inatosha. Kavae," Bupe alisema.

Kemilembe alipokuwa nyuma ya pazia, Bupe alikiambia Kioo kimpeleke Duniani. Mifupa ya msichana ikasita, ikalemewa, ikaanza kutembea polepole. Ikarefuka. Ikafika miaka ishirini ikiwa bado inakwenda vizuri. Ilipokaribia thelathini ilianza kuegemea upande wa kushoto, kidogo sana, kama mtu mwenye kijiwe kiatuni. Baada ya hapo haikuwa kidogo tena.

"Yule ni mimi?" Kemilembe alikuwa ameshatoka, viatu mkononi.

Bupe akakizima Kioo. Kanuni ilikuwa wazazi waambiwe kwanza. "Nimeomba wazazi wako waje kesho," alisema. "Wasalimie."

"Mbona anachechemea?"

"Wasalimie nyumbani, Kemi."

Bupe alikuwa mtu wa Tukuyu, mwanamke mrefu aliyepita miaka hamsini, asiye na maneno mengi. Kitulo, mji wa wachimba barafu karibu na ncha ya kusini ya Mwezi, ulikuwa na daktari mmoja tu wa mifupa, naye ndiye huyo. Alikuwa ameshaipinda migongo ya watoto wengi na kuiacha mingine kama ilivyo. Kazi hiyo aliifanya kama fundi mzuri anavyofanya yake, bila kuipapatikia na bila kuichoka.

Kila mtoto wa Kitulo alipandikizwa kiunzi akiwa bado ananyonya. Zilikuwa nyuzi laini kama za buibui, zilizooteshwa ndani ya pingili za kiuno, zikakua pamoja naye. Hazikufanya lolote mpaka siku daktari alipoziamuru zikauke. Zikishakauka, kiuno kilibaki na umbo kilichokuwa nalo saa ile, na hapakuwa na dawa wala kisu cha kukirudisha.

Migongo ya watoto wa Mwezini ilikua imenyooka, kwa kuwa hapakuwa na uzito wa kuipinda. Mtoto ambaye angeishi palepale aliachiwa mgongo wake ulionyooka, akakimbia nao mpaka uzeeni. Wa kwenda Duniani alipewa pindo, kiuno kikaingizwa ndani kama cha mtu yeyote wa Dunia. Pindo la Dunia halikufaa Mwezini, wala mgongo wa Mwezini haukufaa Duniani. Ilikuwa lazima kuchagua, na kuchagua kabla mabakuli ya nyonga hayajafunga, yaani kabla gegedu linaloshikanisha mifupa mitatu ya kila bakuli halijageuka kuwa mfupa. Kemilembe alikuwa na miaka kumi na mitatu. Gegedu lake lilikuwa limebakiza wiki chache.

*

Baba yake, Rweyongeza, aliingia akikohoa. Alikuwa amechimba barafu kwa miaka mingi, na vumbi la Mwezi, lenye ncha kali kama chupa iliyosagwa, lilikuwa limekaa mapafuni. Wakubwa wa mgodi walishaamua: kabla ya mwaka kwisha arudi Duniani, akapumue hewa yenye unyevu, la sivyo hatafika popote. Mkewe, Koletha, aliyefundisha hesabu katika shule ya mji, alikuwa ameshaanza kufunga mizigo. Walikuwa wanarudi Kamachumu, kwa mama yake Koletha, wote watatu.

Bupe hakuwazungusha. Alichukua beseni dogo la chuma la kuoshea vifaa, akaliweka mezani.

"Chukulieni fupanyonga ni beseni hili, limejaa maji, na mgongo ni mti uliosimikwa ndani yake. Mti ukiwa na pindo zuri huku chini, kichwa kinakaa juu ya miguu, na beseni linatulia. Mti ukinyooka kama mwiko, mtu anavutwa mbele. Hataki kuanguka. Basi anafanya nini?" Akaliinamisha beseni. "Analilaza kwa nyuma, bila kujua. Sasa angalieni huku mbele. Ubavuni mwa beseni kuna mabakuli mawili, kila moja limefunika tufe la mfupa wa paja. Beseni likilala nyuma, ukingo wa mbele wa bakuli unapanda, tufe linabaki wazi. Uzito wote wa mwili unaangukia sehemu ndogo kama ukucha. Gegedu la pale linalika. Likiisha, mfupa unasaga mfupa."

"Baridi yabisi," Rweyongeza alisema.

"Ya nyonga. Ndiyo."

"Basi mpe hilo pindo," Koletha alisema. "Kiunzi si kiliwekwa kwa ajili hiyo?"

"Kila mtu ana pembe yake ya nyonga, mama Kemi. Ni namna mgongo ulivyopandwa kwenye beseni. Ikishakomaa haibadiliki, mtu anazikwa nayo. Mwenye pembe kubwa anaweza kubeba pindo kubwa. Mwenye pembe ndogo ukimbebesha pindo kubwa, pingili zinabanana kwa nyuma mpaka zipasuke. Ya Kemilembe ni ndogo kuliko zote nilizopima hapa."

Koletha alimtazama mumewe, kisha daktari. "Kwa hiyo haiwezekani?"

"Inawezekana kumpa pindo dogo, linalolingana naye. Litamsimamisha Duniani, atatembea, atasoma, atacheza. Ila halitalifunika tufe lote. Kioo kinasema akikaribia thelathini nyonga ya kulia itaanza. Ya kushoto haitakawia. Akifika arobaini atakuwa anapanda ngazi kwa mikono."

"Kuna nyonga za bandia. Mama yangu anayo, na analima."

"Mgongo wa mama yako unalegea. Anapokaa kwenye kigoda kiuno kinalegea, beseni linalala nyuma, bakuli la bandia linafunguka kulipisha paja. Mgongo uliokaushwa na kiunzi haulegei. Mwenye mgongo huo akikaa chini tu, tufe la bandia linachomoka. Tumeliona hilo kwa watu wazima walioungwa pingili."

Rweyongeza alikohoa, akafuta midomo kwa kitambaa, akakitazama kitambaa kabla ya kukikunja.

"Abaki," alisema.

"Abaki na nani?"

"Na wewe, Koletha. Mimi nitakwenda."

"*Mawe!*" Koletha alimaka kwa Kihaya, akainuka, na kwa wepesi wa Mwezini kuinuka kwa hasira kulimpandisha hewani kabla hajatua. "Ukaugue peke yako? Na mama yangu je? Ana miaka themanini na moja, hajawahi kumshika huyu mtoto hata mkono. Kila msimu wa senene ananiuliza, lini mnakuja. Nimwambieje? Nimwambie pembe?"

"Mwambie ukweli."

"Ukweli ni kwamba miaka thelathini iko mbali. Madaktari watakuwa wamegundua mengine. Mifupa ina madaktari, Baba Kemi. Kutengana kuna daktari gani?"

Rweyongeza hakupaza sauti, pumzi haikumruhusu. "Mapafu yangu yameharibika kwa kazi niliyoichagua mwenyewe. Niliijua, nikaja. Yeye hajachagua kitu. Sitaki siku moja awe amekaa Kamachumu, mtu mzima, hawezi kufunga viatu vyake, anajiuliza ni nani aliyemfanyia hivi."

"Na akikaa hapa ajiulize ni nani aliyemnyima baba?"

Bupe aliliondoa beseni mezani. Ilimbidi awakumbushe kanuni, ingawa waliijua: wazazi wakikubaliana, neno ni lao, wakitofautiana, neno ni la daktari, baada ya kumsikiliza mtoto. Alitumaini wangekubaliana. Aliwapa nafasi wazungumze, akatoka, akasimama ukumbini akitazama mistari ya sakafu. Alipowarudia, hawakuwa wamekubaliana.

"Mwulize wewe, daktari," Rweyongeza alisema. "Sisi tukimwuliza atatusoma machoni, atujibu tunachotaka."

Koletha hakupinga. Lilikuwa jambo pekee ambalo hakulipinga siku ile.

*

Mwisho wa mji wa Kitulo palikuwa na Gurudumu, chumba cha duara kilichozungushwa kwa kasi mpaka sakafu yake ikavuta kama Dunia. Watu wazima walilitumia kujiandaa kurudi nyumbani. Watoto walipelekwa kwa muda mfupi mfupi, misuli isilale, na wengi wao walilichukia.

Bupe alimfunga Kemilembe mkanda mpana wa kiunoni, wenye vyuma vinavyopinda, akaukaza mpaka mgongo ukashika lile pindo dogo ambalo kiunzi kingempa. Kisha Gurudumu likaanza kuzunguka. Uzito ulikuja taratibu, kwanza mashavuni, halafu mabegani, halafu magotini. Bupe mwenyewe alihisi magoti yakilalamika. Alikuwa hajafika pale siku nyingi.

"Tembea."

Kemilembe alitembea akishika ukuta. Hatua zake zilikuwa fupi, na kila moja ililia sakafuni, jambo lililomshangaza akatazama miguu yake. Alizunguka, akarudi, akaomba kukaa. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Ndivyo kulivyo kule? Siku zote?"

"Siku zote."

"Hata ukilala?"

"Hata ukilala. Lakini waliozaliwa huko hawausikii, na wewe baada ya mwaka mmoja usingeusikia sana. Nisikutishe kwa hili. Hili linazoeleka."

Kisha akamweleza lile lisilozoeleka. Alimweleza yote, kama alivyowaeleza wazazi, ila bila beseni. Msichana alisikiliza kwa makini, akiuliza maswali mafupi.

"Huwa inauma wapi?"

"Kwenye kinena, mbele hapa. Watu hudhani nyonga huuma ubavuni. Mwanzoni ni asubuhi tu, ukiinuka kitandani. Halafu unaona unachelewa kuvaa soksi. Halafu unaacha kwenda mahali penye ngazi, unasema hupapendi."

"Na nikibaki hapa?"

"Ukibaki, nyonga zako zitakuwa nzima uzeeni. Lakini hutashuka Duniani, Kemi. Labda kwa siku chache, ukiwa kwenye kiti cha magurudumu. Kuishi huko hutaishi. Na baba yako hatapanda tena huku."

Kemilembe alikuwa ameegemeza kichwa ukutani kwa sababu shingo ilikuwa imechoka kukibeba.

"Nataka kubaki," alisema. "Hapa najua kila handaki. Nikifumba macho najua niko wapi kwa mwangwi tu. Nampenda baba. Lakini mtu akiniuliza mimi ni wa wapi, mimi ni wa hapa."

"Nimekusikia."

"Ila sitaki kusema nimetaka." Sasa alikuwa akiufumbua mkono wake na kuukunja, kuufumbua na kuukunja. "Baba atasema sawa. Atacheka kabisa. Halafu atakwenda kukaa Kamachumu akijua niliulizwa nikasema hapana. Na mama atabaki na mimi, na bibi akifa, atanitazama. Hatasema kitu. Atanitazama tu."

Bupe hakumbishia, kwa kuwa alidhani ni kweli.

"Waambie mfupa umekataa," Kemilembe alisema.

"Mfupa haujakataa. Umekubali pindo dogo."

"Waambie hata dogo haliwezi. Waambie litavunjika. Nani mwingine hapa anajua kusoma Kioo?"

"Hakuna. Ni mimi tu."

"Basi," msichana alisema, kana kwamba jambo limekwisha.

Bupe akabonyeza kitufe cha kusimamisha. Gurudumu lilipopungua kasi na uzito kuwatoka, Kemilembe alivuta pumzi ndefu, na mabega yake yakapanda yenyewe.

*

Kudanganya kulikuwa rahisi. Bupe alikaa mbele ya Kioo siku ya pili, baada ya wagonjwa wa asubuhi, akaiweka mbele yake picha ya nyonga za Kemilembe. Ile pembe ilipimwa kwa mistari miwili, mmoja kutoka katikati ya matufe mawili ya mapaja hadi mahali mgongo unapokaa kwenye beseni, mwingine ukisimama wima juu ya kikalio hicho cha mgongo. Kuusogeza mmojawapo kwa unene wa uzi kungetosha. Pembe ingeshuka, Kioo kingeonyesha pingili zinapasuka hata kwa pindo dogo, na hapo pasingekuwa na mtu wa kulaumiwa. Koletha angelia, lakini angelilia mfupa. Rweyongeza angeondoka akiwa na amani. Mtoto angebaki bila deni kwa yeyote.

Aliitazama njia hiyo kwa muda mrefu, maana haikuwa mbaya. Kilichomkwaza si woga wa kugundulika. Ni kwamba watu wawili wangeyajenga maisha yao yote yaliyobaki juu ya mstari aliousogeza yeye kwa kidole, mmoja huku, mmoja kule, wakidhani ndivyo dunia ilivyoumbwa.

Kusema ukweli wote nako kulikuwa rahisi: mtoto anataka kubaki. Hakuwa ameahidi kunyamaza. Lakini alikuwa amemfunga mkanda, amemtwisha uzito wa Dunia mpaka shingo ikamlegea, kisha akamwuliza. Maneno yaliyotoka pale hayakuwa ya kwenda kuwekwa mezani mbele ya mama.

Palikuwa na jambo la tatu, nalo ndilo lililomkalisha pale mpaka wagonjwa wa mchana wakaanza kukohoa mlangoni. Je, yule mwanamke wa miaka arobaini angesemaje? Kioo kiliweza kumwonyesha akichechemea, kikapima gegedu lake lilipolika. Hakikuweza kumwambia Bupe kama yule mwanamke, fimbo mkononi, angesema: ilistahili, nilimzika baba yangu kwa mikono yangu. Wapo watu wa namna hiyo. Bupe alishawatibu. Walikuja wakiburuta mguu, na ukiwauliza wangechagua nini, walikushangaa.

Yule wa arobaini hakuwapo kuulizwa. Aliyekuwapo ni wa kumi na mitatu, na aliulizwa, na alijibu.

Picha akaiacha kama ilivyo. Akafungua mlango, akamwita mgonjwa wa kwanza.

*

Waliketi mahali palepale. Koletha alikuwa amevaa vizuri, kama mtu anayekwenda mahakamani.

"Sitaupinda," Bupe alisema.

Rweyongeza aliinamisha kichwa. Koletha hakutikisika. "Umepima tena? Imeonekana haiwezekani?"

Mlango wa uongo ulikuwa wazi pale, na ilikuwa ni kuitika tu.

"Inawezekana," Bupe alisema. "Nimekataa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nyonga zake ni nzima, na nikiupinda mgongo mimi ndiye nitakayekuwa nimeanza kuziharibu. Hasara ninaiona. Faida siwezi kuipima. Mtu mwingine angeweza kuamua vingine, na asingekuwa amekosea. Lakini ninyi mmetofautiana, na kanuni imeniachia mimi."

"Kemi alisema nini?"

"Nilimsikiliza. Aliyoyasema ni yake. Uamuzi si wake, mama Kemi. Ni wangu."

Koletha alimkazia macho, na Bupe akaona wazo likija usoni mwake, likikaa, likiwa imara. "Alitaka kwenda," Koletha alisema polepole. "Ndiyo sababu husemi. Mtoto alitaka kwenda na baba yake, ukamkatalia."

Bupe hakujibu. Alijua kwamba kunyamaza kwake kulikuwa kumejibu, na kwamba jibu lile halikuwa kweli. Alikuwa amekataa kusogeza mstari kwa kidole, na sasa amesogeza kitu kikubwa zaidi kwa kufunga mdomo. Aliliona hilo waziwazi, na bado hakuufungua.

"Una watoto, daktari?"

"Sina."

"Ilikuwa inaonekana," Koletha alisema, akainuka.

Rweyongeza alichelewa kuondoka. Alisimama akishika mgongo wa kiti, akisubiri kikohozi kipite, na kilipopita alimtazama Bupe kwa muda, kwa macho ya mtu aliyefanya kazi gizani miaka mingi na kuzoea kuona kwa mwanga mdogo.

"Ahsante," alisema. Hakusema ya nini.

*

Gegedu lilifunga kabla ya chombo cha Rweyongeza kuondoka. Bupe alilithibitisha mwenyewe. Kabla ya hapo alikuwa ameziamuru nyuzi zikauke mgongo ukiwa umenyooka, kazi ya dakika chache isiyouma, na Koletha alikaa nje ya chumba muda wote.

Siku ya safari mji mzima ulikwenda kwenye lango, kama ilivyokuwa desturi. Rweyongeza alipendwa. Aliagana na kila mtu, akatania, akakohoa, akatania tena. Kemilembe alimshika shingoni asitake kumwachia, naye alimnong'oneza kitu kilichomfanya msichana acheke na kulia kwa pamoja. Bupe alisimama nyuma kabisa. Koletha alipita karibu naye akirudi, ameegemea bega la jirani, na hakugeuka. Katika mji mdogo kama ule walikuwa wakikutana karibu kila siku, sokoni, shuleni, kwenye foleni ya maji, na Koletha hakugeuka siku ile wala siku zilizofuata.

Habari za Rweyongeza zilikuja nzuri kuliko ilivyotarajiwa. Hewa ya Kamachumu ilimfaa. Katika picha alionekana amekaa kibarazani na mama mkwe wake, wamewekeana sinia la senene miguuni, wanang'oa mabawa. Yule bibi alikuwa akiinua mkono kuipungia kamera, akikosea upande.

Mwaka wa pili, msimu wa mvua za huko, bibi akafariki. Mazishi yalionyeshwa kwenye ukuta wa nyumba ya Koletha. Majirani walijaa, wakaimba, wakapika. Bupe alituma salamu za pole kupitia kwa jirani, kwa kuwa alijua asingepokewa.

Wiki ile ile Kemilembe alikuwa na zamu ya kupimwa. Bupe hakutegemea angekuja, lakini alikuja. Alikuwa amerefuka, macho yamevimba, na aliingia bila kuamkia, yeye ambaye tangu mdogo hakuwahi kusahau shikamoo.

"Bibi amekufa," alisema.

"Nimesikia. Pole sana, Kemi."

"Alikuwa anasema atanifundisha kusuka mikeka. Kila tukiongea. Na baba alibeba jeneza, peke yake kati yetu. Nilimwona. Alikuwa anahema." Sauti yake ilikatika, ikarudi ikiwa ngumu. "Ungenipinda."

Bupe alitandika shuka juu ya meza ya kupimia.

"Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Wewe ulikuwa mtu mzima. Ungenilazimisha. Mama kasema wewe ndiye uliyeamua, ulisema mwenyewe kwa mdomo wako, kwamba ilikuwa inawezekana na ukakataa. Ningekuwa kule sasa hivi. Nani alikuomba unitunzie nyonga?"

Alikuwa anamtazama Bupe usoni, na hapakuwa na uongo katika macho yale. Labda alikuwa amesahau neno alilolisema kwenye Gurudumu. Labda hakuwa amesahau, ila wiki ile ya msiba asingeweza kulibeba. Jibu lilikuwa mdomoni mwa Bupe, fupi na la kweli, na lingemnyamazisha mara moja.

"Hakuna aliyeniomba," Bupe alisema. "Niliamua mimi. Haya, panda mezani."

Kemilembe alisimama kidogo. Kisha akapanda, akalala chali, akaugeuzia uso ukuta. Bupe alisugua viganja vyake mpaka vikapata joto, akaushika mguu wa kulia chini ya goti, akaanza kuuinua taratibu.